Nani Aliyeshika Simu

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na labda ndiyo sababu ulimng'ang'ania kama kupe. Ulikuwa swali moja tu: kama Wakiuru alikuwa peke yake huko baharini, ni nani aliyempiga picha?

Lilimfikia Jumatatu asubuhi, siku yake ya kwanza kurudi kazini, akiwa bado na mchanga katika mishono ya viatu. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia pale Mweiga. Wakulima hupanga foleni na mikebe yao, yeye hutumbukiza kipimo kuona kama mtu ameongeza maji, huandika, husema "mwingine." Siku hiyo foleni ilikuwa kimya. Watu waliomjua tangu akiwa na meno ya maziwa walimtazama miguu, wakapandisha macho hadi tumboni, kisha wakaangalia milima.

Mzee Gikonyo ndiye aliyefungua mdomo. "Kumbe umerudi," akasema. "Sisi tuliambiwa umebaki na mzungu."

Wakiuru akacheka. Akageuka aone nani mwingine anacheka, akakuta hakuna.

Saa nne, wakati wa chai, Wangui aliyekuwa akiosha mikebe alimvuta nyuma ya tangi akamwambia yote. Maneno yalikuwa yamezunguka siku kadhaa. Yule mwanamume aliyeshika simu alikuwa tayari na sura tatu. Kwa wengine alikuwa mzungu mzee mwenye nyumba kubwa. Kwa wengine alikuwa dereva wa Malindi. Kule kanisani, wamama walikuwa na hakika ni mwalimu fulani mwenye mke wake Kangari, na hata shati lake walilijua.

"Lakini picha yenyewe waliiona wapi?" Wakiuru akauliza. "Mimi niliituma kwa mtu mmoja tu."

Wangui akaangalia chini, akasugua mfuniko uliokuwa tayari umetakata. "Si Mwai aliiweka wasapu. Aliandika, mke wangu anapumzika."

Hapo moyo wa Wakiuru ukafanya mambo mawili kwa pamoja. Uliruka kwa furaha, kwa sababu Mwai alikuwa amemwita mke mbele ya ulimwengu. Halafu ukaanguka.

*

Ni vizuri ijulikane alienda kufanya nini.

Baba yake alianguka na ugonjwa wa kupooza miaka mitatu kabla, na kwa miaka hiyo mitatu Wakiuru ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, akamfulia. Mwezi wa kwanza mzee akafa. Baada ya mazishi watu waliendelea kuja, na kila aliyekuja alitaka aambiwe tena vile ilikuwa. Wakiuru akawa hapati usingizi. Akifunga macho alisikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha pili, akaamka mbio, akakuta kitanda kitupu.

Mwai ndiye aliyemwambia aende mahali. Alikuwa na duka la dawa za mifugo pale mjini. Walijuana Wakiuru alipokataa maziwa ya mama yake Mwai kwa sababu yalikuwa na maji. Kesho yake Mwai alifika bila mkebe wowote, akasimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akasema, "Leo nipime mimi." Foleni nzima ilicheka. Mwezi wa nne watu wake walikuwa wameleta mbuzi wawili wa ithigi, ambao kwetu ni kama kupanda tawi mbele ya boma la msichana, ili mwanamume mwingine akipita ajue huyu ameshasemwa. Ruracio yenyewe, siku ya mahari, ilipangwa Jumamosi ya pili baada ya Wakiuru kurudi.

Kwa hivyo aliomba likizo ya siku saba, akanunua begi la mgongoni la mitumba pale sokoni Nyeri, akaenda Watamu peke yake. Jirani walishangaa zaidi lile begi kuliko safari. Mweiga watu wa begi la mgongoni wanawajua; ni wazungu wanaoenda mlimani. Mtoto wa Mama Wakiuru amebeba hiyo kitu aende wapi?

Mama yake, Beth, alikuwa mtu wa kuogopa jambo kabla halijatokea. Alimsindikiza mpaka barabarani huku akimsihi. Alimwambia msichana wa ithigi haendi safari peke yake. Alimwambia bahari inavuta watu wa bara kwa sababu inajua hawaijui. Mwisho akamwambia, "Maitu, basi usiongee na mtu." Alimwita maitu, yaani mama, kwa sababu Wakiuru alipewa jina la nyanya yake mzaa mama, na mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kumwita vingine.

Na kweli hakuongea na watu wengi. Alipata chumba katika nyumba ya mama mmoja mnene ambaye kila asubuhi alimuuliza maswali mawili tu: ameamkaje, na atakula nini. Alikula mbaazi za nazi na mahamri mpaka akaona aibu. Alilala mchana, chini ya neti, mlango wazi, paka wa nyumba amejikunja juu ya begi lake. Maji yakipwa alitembea mbali juu ya mawe, akakaa ndani ya kidimbwi chenye maji vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto, akaangalia kaa wadogo wakigombania shimo. Hakuna aliyemuita. Hakuna aliyetaka kujua baba alisema nini mwisho. Siku ya tatu alilia asubuhi yote, bila sababu mpya, kisha akaamka akanawa na akasikia njaa.

Siku ya nne alianza kumtaka Mwai. Lilimjia ghafla, akiwa amekaa mchangani na dafu mkononi: akakumbuka mikono ya shati lake ilivyonuka dawa ya kupe, na jinsi alivyokuwa akimwangalia, kama mtu aliyeona taa ya nyumbani kwake. Akataka amwone jinsi alivyo sasa, amelala vizuri, ameiva na jua. Lakini hakutaka kumpa mtu mgeni simu yake. Basi akavua kiatu, akakisimamisha mchangani, akaiegemeza simu juu yake, akaiambia ihesabu sekunde kumi, akakimbia kuelekea majini. Mara ya kwanza ilipiga mgongo wake. Mara ya tano ilipiga mbingu. Wimbi likaja likabeba kiatu cha pili na akakikimbiza. Mara ya kumi na mbili, akiwa amechoka kwa kujicheka, ilimshika amenyoosha mikono, leso imejaa upepo, kichwa nyuma, meno yote nje.

Alimtumia. Mwai akapiga simu papo hapo.

"Wewe ni nani?" akamuuliza. "Nilikuwa nataka kuongea na Wakiuru wa maziwa."

Walicheka. Alimweleza habari ya kiatu, na wimbi, na mara kumi na mbili. Mwai alicheka mpaka mteja akamuuliza dukani kama yuko sawa.

Ndiyo hiyo safari. Haikuwa na mwanamume hata wa kumuuliza saa.

*

Jumanne baada ya kazi alienda dukani. Mwai alitoka nyuma ya kaunta kama anayetaka kumkumbatia, akaona mteja mlangoni, akaishia kupanga chupa. Mteja alipoondoka walikaa juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, magoti yao yakigusana.

"Umekuwa mweusi," Mwai akasema.

"Jua ya huko haina adabu."

Akachukua mkono wake, akapitisha kidole mahali saa ilipokuwa imeacha alama nyeupe. "Nilikuwa nahesabu siku," akasema. Na Wakiuru, aliyekuwa amekuja na hasira yote ya foleni ya maziwa, akasikia hasira ikiyeyuka kama mafuta ya nazi. Angalau huyu, akajiambia. Huyu najua.

"Umesikia maneno?" akamuuliza.

"Nimesikia."

"Mimi nimesikia hata niko na mimba."

Mwai hakucheka. "Nyumbani wameongea sana. Tata Gathoni ndiye alianza. Aliona picha, akasema ni nzuri, lakini akauliza nani ameshika simu. Akauliza kwa kikundi ya wamama. Ikatoka hapo."

Tata Gathoni alikuwa shangazi yake Mwai, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke ambaye neno lake likishatua katika ile familia halihamishwi na trekta.

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia mimi nakuamini."

"Sijauliza hivyo. Uliwaambia nini kuhusu picha?"

Mwai akaachilia mkono wake taratibu, akachuna uzi kwenye gunia. "Sikujua niwaambie nini."

"Nilikuambia. Siku ile ile nilikuambia habari ya kiatu."

"Ulikuwa unacheka. Nilifikiri ni mzaha."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Ndiyo. Nilikuwa nacheka." Kisha, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, akasema, "Wakiuru. Nani alishika simu?"

Kuna maswali yakiulizwa na mtu wa nje ni mbu tu, unapiga kofi unaendelea. Yakiulizwa na yule uliyempa moyo wako, ni mengine. Wakiuru alimtazama muda mrefu. Alitafuta katika macho yale taa ya nyumbani. Ilikuwepo. Lakini mbele yake palikuwa pamesimama kitu.

Akamwambia tena. Kiatu, sekunde kumi, mara kumi na mbili. Alijisikia akiongea kama wale wakulima wanaoapa kwamba maziwa hayajaguswa.

"Sawa," Mwai akasema. "Nimeamini." Lakini simu yake alikuwa ameshaitoa mfukoni. Akaifungua ile picha, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akampita Wakiuru na meno yake yote, akaenda kwenye pembe ya chini, kwenye mchanga. Alifika pale haraka, kama mtu anayeijua njia.

"Na hii ni nini?"

"Ni kivuli."

"Ya nani?"

"Ya mti, Mwai. Ni mvinje. Iko pale nyuma."

Akaizima simu. Akamwambia asiwe na hasira, yeye hana shida, shida ni nyumbani. Akamweleza kwamba Tata Gathoni na wamama wengine watapita Jumamosi hii, kabla ya ile Jumamosi ya ruracio. Wakija, awaonyeshe tu vile alifanya. Dakika mbili. Wakiona kwa macho yao, maneno yataisha.

"Na nikikataa?"

"Sasa kwa nini ukatae," Mwai akasema, bila ubaya wowote, "kama ni kweli?"

*

Angekataa. Lakini kulikuwa na mama yake. Beth alikuwa hajala tangu Jumapili. Kanisani wenzake walikuwa wamemwachia nafasi kwenye benchi, upande huu na upande ule. Alimkumbusha bintiye kwamba ana miaka ishirini na tisa, kwamba baba hayupo wa kumsemea, kwamba jina la msichana ni kama shuka nyeupe, likishikwa na damu ya ndizi, ule utomvu, hakuna sabuni. Wakiuru akamjibu kwamba hakuna damu ya ndizi. Mama akasema anajua. Akasema hata yeye anajua, lakini kujua kwake hakuwatoshi watu wote. Kisha akaanza kulia bila sauti, huku akichagua mawe kwenye maharagwe, na Wakiuru akasema basi, ataonyesha.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mama. Alitaka ile taa irudi. Alifikiri dakika mbili zingeirudisha.

Jumamosi mchana walifika, wanawake saba na wanaume wawili. Beth aliwaona kutoka dirisha la jikoni.

"Hawajabeba kitu," akanong'ona.

Ilikuwa kweli. Wanawake saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kiondo mgongoni. Hakuna unga, hakuna sukari, hakuna hata viazi. Kwetu hata mtu anayekuja kukudai haji mikono mitupu. Mikono mitupu ni ya polisi.

Mwai alikuja nyuma yao, amevaa shati jipya. Mama yake alikuwa pale pia, mwanamke mpole asiyepumua kabla wifi yake hajapumua. Dedan, ndugu wa marehemu baba yake Wakiuru, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwenye boma. Walipewa chai, wakanywa, wakasifu ng'ombe, wakauliza mvua. Halafu Tata Gathoni akaweka kikombe chini.

"Sisi hatukuleta kesi," akasema. "Wakiuru ni mtoto wetu. Lakini mtoto akienda mbali peke yake na begi kama mzungu, watu wataongea, na mdomo ya watu siwezi kushona. Tunataka tu kuona. Ati simu inajipiga yenyewe. Mimi ni mtu wa zamani, sijaona."

"Simu nyingi hufanya hivyo," Dedan akasema.

"Basi itafanya na leo."

Wakiuru alimwangalia Mwai. Alimpa muda wa kutosha. Mtu angeweza kusema: Tata, imetosha, huyu ni wangu na mimi nimeamini, twendeni nyumbani. Maneno machache hayo. Mwai aliinua macho, akamwinamishia kichwa kidogo, kwa upole, kama unavyomtia moyo mtoto anayekwenda kusoma Biblia mbele ya kanisa.

"Waonyeshe, maitu," mama yake akasema.

Viti vikatolewa nje, kwenye nyasi mbele ya nyumba. Wakiuru akavua kiatu. Akakisimamisha, akaegemeza simu, akaiambia ihesabu. Alikuwa hajafika mahali pake simu ikaanguka kifudifudi.

"Mnaona?" Tata Gathoni akasema, kwa sauti ndogo, bila kumwangalia mtu.

Akaiweka tena, akaibana kwa jiwe. Akatembea hatua zake, akageuka, akasimama.

"Si hivyo," mmoja wa wanawake akasema. "Kwa picha alikuwa amefungua mikono."

Akafungua mikono.

"Na alikuwa anacheka."

Hapo ng'ombe akalia zizini. Wakiuru akarudisha kichwa nyuma kama alivyofanya akiwa na maji ya bahari magotini. Akaonyesha meno. Taa ndogo ya simu ikawa inapepesa, kumi, tisa, nane, na yeye amesimama pale nyumbani kwa baba yake, mguu mmoja peku, mikono imenyooshwa, anawachekea watu waliokuja kumkagua. Sekunde kumi ni nyingi. Mpaka ya tatu, alikuwa ameshajua.

Simu ikalia, ch'k.

Wakaikimbilia. Vichwa saba vikainama juu ya kioo. "Kumbe," akasema mmoja. "Kumbe ni kweli, inajipiga." Tata Gathoni akavaa miwani, akatazama, akatazama kiatu, akatazama tena. Halafu akacheka, kicheko kikubwa cha moyo mweupe, akampiga Wakiuru begani. Akasema sasa ameelewa, na yeyote atakayemletea huo upuuzi tena atamfunga mdomo yeye mwenyewe. Akasema hata wao wapigwe. Wakajipanga, wakarekebisha vitambaa, wakasukumana nani akae mbele, wakahesabu sekunde kwa sauti kama watoto wa nasari. Boma likajaa vicheko. Beth akaleta chai ya pili, machozi yanamtiririka kwa raha. Hata Dedan akasimama kwenye picha.

Mwai alimjia Wakiuru akiwa anavaa kiatu. Uso wake ulikuwa umefunguka. Taa ilikuwa imerudi, yote, kama zamani.

"Umeona?" akasema. "Dakika mbili. Imeisha."

Simu ilikuwa imemrudia Wakiuru mkononi, na alikuwa anaangalia ile picha ya kwanza, yake. Nyuma yake, mlangoni, Mwai alikuwa ametokea bila kujua. Shingo ameinyoosha, mdomo wazi kidogo. Hakuwa anamwangalia Wakiuru. Alikuwa anaangalia simu, amekaza macho, anasubiri aone kama itajipiga. Ilikuwa sura ya mtu ambaye mpaka sekunde ya mwisho hakujua.

Akampa aione. Mwai akaitazama, akacheka kidogo. "Nimetoka vibaya."

"Ndiyo," Wakiuru akasema. "Umetoka."

Akaenda mbele ya Dedan, akapiga goti kama msichana anavyofanya akizungumza na mkubwa wake, na wote wakanyamaza wakidhani anakuja kuomba baraka.

"Baba mdogo, wale mbuzi walipoletwa mliniuliza mbele ya watu kama wafungwe. Nilisema wafungwe."

"Ulisema."

"Sasa nasema wafunguliwe. Waende na wenyewe."

Hakuna kitu kibaya kama kimya cha watu waliokuwa wanacheka. Mama yake akaita, "Wakiuru," na kwa mara ya kwanza hakumwita maitu. Tata Gathoni akauliza ni mzaha gani huu, si wamemaliza, si wameamini. Mama yake Mwai akafunika uso na leso.

Mwai akamshika mkono akamvuta kando, karibu na ghala la viazi.

"Unafanya nini? Wameamini wote. Hakuna mtu atakusema tena."

"Wao waliamini kwa sababu waliona. Na wewe?"

"Mimi nilikuamini tangu mwanzo."

"Usinidanganye, Mwai. Niko na picha yako."

"Basi nilikuwa na wasiwasi kidogo. Ni dhambi? Mtu akipenda si anaogopa?" Sauti ikamkatika. "Wakiuru, nimeita watu. Nimekuita mke wangu mbele ya kila mtu."

"Uliniita," akasema. Alitaka kumgusa, na alijua akimgusa atabaki. Akaweka mikono nyuma. "Baba yangu nilimgeuza miaka mitatu, na hakuna siku aliniuliza nimemtupia wapi chakula alichoacha. Mimi nataka mtu wa hivyo. Nikienda dukani nikichelewa, nikizaa mtoto mweupe kama cucu, nyanya yangu, nikicheka na simu, kila mara utanyoosha shingo. Na mimi kila mara nitavua kiatu."

"Nitabadilika."

"Naamini," akasema. "Unaona vile ni rahisi?"

*

Mbuzi waliondoka siku hiyo hiyo, jike na dume, na mtoto aliyezaliwa katikati, kwa sababu naye alikuwa wa kwao.

Mwai alirudi mara mbili. Mara ya pili alikaa juu ya jiwe nje ya boma tangu saa tatu mpaka jua likapanda kichwani, na Wakiuru alikuwa ndani, amesimama nyuma ya pazia, akimtazama, akilia, na hakutoka. Usidhani hakumpenda. Watu huambiwa mapenzi yakiisha ndipo mnaachana. Hao waliachana yakiwa yamejaa mpaka mdomoni.

Na Mweiga? Mweiga ilisema imeona. Msichana amerudisha mbuzi wiki moja kabla ya ruracio; sasa nani atafanya hivyo kama hana mtu? Yule mwanamume aliyeshika simu akapata sura ya nne, akapata gari, akapata na jina. Tata Gathoni, aliyeapa kufunga midomo ya watu, alisema tu kwamba yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo.

Beth huyasikia haya kila Jumapili. Hujibu kwamba aliona kwa macho yake simu ikijipiga. Wanamwambia ndiyo, mama, pole. Akirudi nyumbani anamkuta binti yake amefua, amepika, ameketi, hana neno baya kwa mtu. Binti humpakulia chakula na kusema karibu. Tangu siku ile Beth hajamwita tena maitu. Kila akijaribu, neno hukwama.

Basi wewe uliye na binti, au uliye binti, mambo ya kuepuka ni haya:

Epuka kusafiri bila kuacha nyumbani jina la mahali unapolala.

Epuka kuweka picha ya unayempenda mbele ya watu ambao hawajaamua kama wanampenda.

Epuka kuuliza mara ya pili swali ulilojibiwa ukicheka.

Epuka kutuma shangazi mahali unapopaswa kwenda mwenyewe.

Epuka kwenda kwa watu mikono mitupu.

Epuka kukubali kupimwa ili maneno yaishe. Hayaishi.

Epuka kuolewa na mtu mwema anayenyamaza.

Na ukiwa mama, watu wakijaa kwenye boma lako na mtoto wako akakuangalia, epuka kusema "waonyeshe."